Nyasi za Tsiuri

Nilipanda Adishi kuuona mlima.
Gocha, dereva, alinishusha barabara ilipokatika,
akanyoosha kidole chenye grisi kwenye ukungu:
"Tetnuldi ule pale."
Nikatazama. Hapakuwa na kitu.

Siku mbili hapakuwa na kitu.
Minara ya mawe iliibuka, ikazama,
mmoja una kiota cha kunguru, mwingine una ufa
wa kupitisha mkono mpaka begani.
Mto uliunguruma huko chini, hauonekani,
kama watu wanaogombana chumba cha pili.

Tsiuri, mwenye nyumba, hakuniomba radhi kwa mawingu.
Alinipa mkate wenye nyama ndani,
chumvi yao iliyotwangwa na kitunguu saumu,
na asubuhi ya tatu, bila neno,
koti la marehemu mumewe
na reki ya mbao, meno mawili pungufu.

Kwetu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nani aliifikisha methali hii huku,
kwa mama asiyejua hata "jambo"?
Ila jembe lao lina meno.

Tuligeuza nyasi kwenye mteremko mkali
hata mbwa alikaa kiupandeupande.
Nilireki vibaya. Alirudia nilipopita,
tena makusudi, nimwone.

Siku ya nne nimeinama, jasho machoni,
shingo ikashikwa na baridi, nyasi zikang'aa ghafla.
Nikageuka.

Sitasema ulikuwa mkubwa. Ng'ombe pia ni mkubwa.
Ulikuwa karibu!
Muda wote ulikuwa pale, nyuma ya shuka,
ukitazama ninavyoshika mpini.
Barafu ilining'inia, mipasuko yake ya buluu,
na kipande kikameguka, kimya,
kikaanguka, kikaisha,
ndipo mlio ukafika, unajikokota kama mdeni.

Nikapapasa simu. Mifuko ya marehemu
ilikuwa na misumari mitatu na ganda la njugu.

Tsiuri aliutupia mlima jicho moja,
kama mtu aangaliavyo saa ya ukutani.
Akaonyesha anga, akaonyesha nyasi,
akapiga makofi: haraka!

Nami bado nimesimama.

Saa kumi na robo mvua ikashuka.
Mafungu mawili yalikuwa hayajafunikwa.
Alilaani kwa lugha yake, nywele zimemganda usoni,
na mpaka leo sijui alilaani nini,
mvua, mlima,
au mimi.