Meno Arobaini na Moja

Nyuma ya zizi, Naryn, mwezi wa tisa,
UAZ ya baba imekaa kama ng'ombe anayeamka vibaya:
pua juu ya magogo, matako chini,
magurudumu ya mbele yameegemea ukuta
kama wageni waliowahi kufika.

Ekseli ilipasuka Julai, njia ya malishoni.
Ufa mwembamba kama unywele,
na oili ikaandika barua ya kilomita kumi na tisa
tusiyoisoma hadi tulipofika.

Kubat amerudi. Miaka sita Moscow
akibeba vigae ghorofa kwa ghorofa, sasa anajua kila kitu.
Ekseli ameinunua At-Bashy, kwa kondoo wawili na simu,
kutoka gari lililolala nyasini tangu mwenyewe afariki.
"Ni ile ile," anasema. "Mrusi hana mambo mengi."
Nikamuuliza: umehesabu?
Akaniomba spana ya kumi na saba.

Basi tukafungua. Yuboti nne zenye kutu,
ya tatu ikakatika kwa mlio wa mfupa.
Mipira ya breki, fimbo ya stelingi, propela.
Ya zamani ikashukia kwenye ubao
ambao mwanangu huutelezea thelujini.
Mpya ikapanda, kwa saa sita za kulaumiana:
kushoto, kushoto kwako au kwangu,
inua, nimesema inua, si hivyo.
Jua likizama, nati zimekaza,
Kubat akajifuta mikono kwa suruali yake ya Moscow.

Mimi nikachukua chaki.
Alama kwenye habu, alama kwenye propela.
Wewe kule, mimi huku, mzunguko mmoja, polepole.
Mama akachuchumaa katikati na kijiko cha chai
akihesabu shafti inavyopita:
"Nne. Na nusu. Na kidogo."
Tukainua nyuma, tukarudia.
"Tano. Na kidogo."

Hakuna aliyesema neno.
Mbele inataka kwenda, nyuma inataka kwenda,
safari moja, barabara moja,
ila si kwa mwendo mmoja.
Kwenye tope zingevumiliana.
Kwenye changarawe kavu zingetafunana
mpaka mojawapo iteme chuma.

Siku ya pili tukashusha tulichopandisha.
Nilikuwa na maneno. Niliyameza na mkate.
Tukalifungua ganda la baba kwenye gunia safi:
difu nzima kabisa, meno arobaini na moja kwa manane,
yaking'aa kama ya mzee asiyegusa sukari.
Tukayahamishia kwenye ganda la marehemu wa At-Bashy.
Mama akaleta rangi yake ya mdomo, ile ya harusi ya Perizat,
tukaipaka kwenye meno, tukazungusha,
tukatazama busu linaangukia wapi.
Likikaa nchani, toa kibati. Likizama shinani, ongeza.
Mara saba. Mara ya nane likatua katikati,
jekundu, dogo, la adabu.

Siku ya tatu, kutoa upepo kwenye breki.
Yeye chini na chupa, mimi kwenye pedeli.
Kanyaga. Shikilia. Achia.
Kanyaga. Shikilia. Achia.
Kanyaga. Shikilia.
"Nilipigiwa simu nikiwa zamu ya usiku," ikasema sauti chini ya gari.
"Walikuwa wameshamzika."
Mguu wangu ukaanza kutetemeka, nikashikilia.
Mapovu yakapita kwenye mpira, moja, mawili,
kisha mafuta matupu.
"Achia," akasema.

Jioni tulipanda hadi darajani, mbele na nyuma zikivuta,
hakuna kelele ila mlango wa kulia,
ambao umepiga kelele tangu nizaliwe.

Ganda lenye ufa tumelichimbia langoni, limesimama wima.
Bado hatujakubaliana ni la nini.
Jirani ameshafunga farasi wake hapo,
na farasi anajikuna shingo
palepale ufa ulipo.