Mizani

Muhogo haujui kungoja.
Ung'oe Jumatatu, kufika Alhamisi
moyo wake una mistari ya buluu
kama mkono wa mgonjwa uliochoka dripu.
Ekwaru alilijua hilo kuliko sisi,
ndiyo maana lori lake lilifika Kyere siku ya tatu.
Daima ya tatu.

Akitaka lumbesa:
gunia lililoshonewa gunia jingine shingoni,
bei ileile ya gunia lisilo na kilemba.
Mama alikubali. Angefanyaje?
Ada ya Omoding haiozi.
Muhogo unaoza.

Basi wanawake kumi na tisa,
elfu mbili mbili kila Jumapili baada ya misa,
miezi kumi na minne, na mmoja tuliokula mtaji kwa msiba,
tukanunua mashine ya kuparaza,
na turubai jeusi, ili makopa yasianikwe tena mwambani
mbuzi wakapita na kwato zao.
Mwishoni, kutoka Soroti, mizani ya kuning'inia:
uso wa saa, mshale mmoja.
Nikapewa mimi kuisoma
kwa kuwa nilifika kidato cha nne.

Siku ya kwanza niliandika pembeni mwa daftari:

Kilo ni kilo si neno, haina shangazi kilo,
Haijali mapatano, wala ufupi wa milo,
Mshale ukae tano, jibu la haki ni hilo,
Ekwaru hana maneno, ahesabu kilo kilo.

Nilitamba nayo wiki mbili nzima.

Kisha akaja mnunuzi wa kiwanda cha unga, kutoka Mbale.
Hakutazama mizani kwanza.
Alichukua kopa, akalivunja karibu na sikio.
Kavu hulia, alisema. Bichi hupinda.
Zamu ya gunia la Asekenye. Mama yangu.
Kilo sitini na tatu, na mvua ya Jumanne
bado imelala ndani yake.
Nikatoa kopa. Nikalikunja.
Halikulia.

Wote kumi na wanane walikitazama kidole changu.
Ningeweza kuchagua jingine, la juu, lililopigwa jua.
Mama hakunitazama mimi, aliutazama mshale,
kama ndio aliouzaa.
Nikaandika: Asekenye, sifuri.
Akajitwisha gunia lake, akarudi nalo
njia yote, kupita nyumba ya Ekwaru,
aliyekuwa kibarazani, akicheka na redio.

Usiku huo tulikula atapa bila mazungumzo.
Alinikatia kipande kikubwa kama kawaida.
Hilo liliniuma zaidi.

Siku ya tatu, kabla umande haujakauka,
nilimkuta turubaini, miguu peku,
akigeuza makopa, akiokota moja moja,
akilipeleka sikioni.
Ka!
Akatupa, akaokota jingine.
Ka!
Akafuta unga kwenye kitenge.
"Leta daftari lako," alisema.
"Na mizani yako isiyo na shangazi."