Herufi za Katikati

Baba amebandika vigae miaka thelathini na mmoja
mjini Rosario, ukingoni mwa mto Paraná.
Vidole vyake hujua kilichopinda
kabla pimamaji haijasema.
Lakini usiku ule aliketi mbele ya kompyuta yangu
mikono mapajani, kama mtu aliyefika hospitali
kuulizia mgonjwa.

"Ferreyra anasema amelipa.
Mimi sijaona kitu. Nisomee."

Nikafungua daftari lile lisilofungwa,
ambalo dunia nzima yaweza kulichungulia
na hakuna awezaye kufuta mstari.
Huu mfuatano mrefu, nikamwambia, ni alama ya muamala,
alama ya kidole ya tendo moja tu.
Hii ni namba ya bloku. Bloku ni kigae, Baba:
kila kimoja kimeshika ukingo wa kilichotangulia;
ukitaka kung'oa cha jana
utavunja sakafu yote hadi mlangoni.
Akaitikia kwa kichwa. Hilo alilijua.

"Na hapa mbona pameandikwa Ijumaa?
Yeye aliapa ni Alhamisi. Mwongo mkubwa!"
Hapana. Daftari halina kwao.
Linafuata saa ya dunia: saa sita usiku na dakika kumi na nne.
Kwetu ilikuwa saa tatu na ushei,
Alhamisi bado, mvua ya Juni ikipiga mabati ya jirani.

Kiasi: mia nane na arobaini, dola za kidijitali.
Ada: senti chache, ujira wa wanaopanga bloku.
Hali: imefaulu. Tiki ya kijani.
Uthibitisho: elfu ishirini na kitu,
yaani vigae elfu ishirini vimeshapangwa baada ya kile.

"Basi ziko wapi?"

Mali bila daftari huisha bila habari.
Hii ilikuwa na daftari.

Kutoka: anwani ya Ferreyra.
Kwenda: 0x7b3e mwanzoni, yetu. 91cf mwishoni, yetu.
Na katikati nukta tatu
ambazo skrini huziweka ili kuyahurumia macho.
Nikazifungua zile nukta.

Haikuwa yetu.

Mtu asiye na uso wala mtaa
alifinyanga anwani pacha: kichwa chetu, mkia wetu,
tumbo la kwake.
Siku mbili kabla, alikuwa amepitisha mbele ya Ferreyra
muamala wa sifuri,
sifuri kamili, kama mtu anayekohoa mlangoni
ili akumbukwe.
Naye Ferreyra, miwani juu ya paji la uso,
akanakili anwani iliyokuwa juu kabisa.

Siku nne Baba alimwita mwizi.
Aliliacha jiko lake nusu, saruji ikagandia ndooni.

Nikabofya ile pacha.
Miamala sitini na mmoja imeingia.
Mia mbili. Elfu moja mia tisa. Kumi na tano.
Huyo wa kumi na tano ndiye aliyeniuma,
sijui kwa nini.
Kila kiasi kina jiko lake mahali fulani,
kodi yake, jino lake la kung'olewa,
na kila kimoja kimetoka tena
kabla dakika nne hazijatimia.
Nani alilia, daftari halisemi.
Halina safu ya hilo.

Baba alikaa kimya hadi skrini ikafifia.
Kisha akachukua simu.

"Ferreyra? Ni Anselmo.
Hapana, sikupigii kukutukana.
Tafuta penseli. Penseli, si kalamu."

Akaivuta kompyuta karibu,
akaweka ukucha wenye saruji chini ya herufi ya saba
na kuanzia hapo akasoma, polepole,
kama anavyogonga kigae
kusikiliza iwapo chini yake ni tupu:
"Nne. Sifuri. Tisa. Tisa tena.
F.
F kama Ferreyra."