Ndoo Nusu

Kwetu Ipinda hata mtoto anajua:
ndoo iliyojaa pomoni hutulia kichwani,
ndoo nusu ndiyo yenye wazimu.
Mama alikuwa akichuma jani la mgomba,
analilaza juu ya maji kama anayefunika mtoto,
ndipo anapanda kutoka mto Mbaka
bila kulowa bega.

Sikujua kwamba ule ulikuwa uhandisi.

Nilikuwa karani wa shehena, miezi saba kazini,
kalamu sikioni,
usiku ule wa Aprili tulipong'oa nanga Itungi:
saruji mifuko mia sita chini ngamani,
magodoro na kreti za bia juu sitahani.
Kiwira ulikuwa umetapika mchanga wiki nzima.
Fungu tuliloliacha kushoto mwezi wa pili
lilikuwa limehamia mbele yetu
kama mpangaji asiyeaga.

Tulilipanda taratibu. Hapakuwa na kishindo.
Vikombe tu vilisogea mezani,
vyote upande mmoja, kama vimeitwa.
Omo juu ya mchanga, tezi bado inaelea.
"Afadhali," abiria wakasema,
"tumekanyaga chini, hatuwezi kuzama."

Afisa Tusekile hakusema afadhali.
Alikuwa na nati aliyoining'iniza kwa uzi
mlangoni mwa chumba cha ramani.
Aliitazama ikienda kushoto,
ikakawia huko,
kama mtu anayefikiria kutorudi.

"Mchanga haukubebi kama maji," alisema.
"Maji hukukumbatia mbavu zote.
Mchanga hukusukuma kisigino,
na asukumwaye kisigino
kichwa ndicho huwa kizito."
Nikayaandika hayo daftarini, kati ya saruji na bia,
maana sikuwa na mahali pengine.

Kisha fundi Mwaikenda akatokea ngazini,
suruali imelowa hadi magotini:
bati la tumbo limefumuka mshono,
tangi la pili lina maji, si mengi,
nusu hivi.
Nusu! Tuliyasikia chini ya miguu yetu,
yanakimbilia kushoto, yanagonga, yanarudi,
na kila yakikimbia meli inayafuata.
Watu husema mambo yamekwenda mrama
bila kujua neno limetoka wapi.
Mimi nimelisikia likitoka tumboni mwa chuma.

Nahodha akaagiza saruji itupwe, ndiyo nzito.
Wapagazi wakavua mashati.
"Saruji ndiyo miguu yetu," Tusekile akasema.
"Tupeni bia."

Mwenye bia, mfanyabiashara wa Manda,
alilia kama amefiwa na mtoto wa kwanza.
Kreti mia na kumi. Nilizihesabu zote,
zikipiga maji moja moja gizani,
na mwera ukianza kupuliza kutoka kusini.

"Na lile tangi?" fundi akauliza. "Nilifyonze?"
"Lijaze."
"Nijaze maji meli inayoingia maji?"
"Mpaka juu, Mwaikenda. Mpaka yakose pa kukimbilia."

Sitasahau uso wake. Lakini alikwenda,
na vali ikalia kama mlango wa zamani.
Tukazidi kuwa wazito, tukakaa kitako fungani,
maji chini ya sakafu yakapunguza maneno,
yakanong'ona,
yakanyamaza.
Nati ikaenda kushoto.
Ikarudi upesi.

Alfajiri, milima ya Ukinga ikiwa bado na blanketi,
tulikuwa pale pale, tumekaa wima,
tunanuka tope na bia.
Tusekile alikuwa amelala kwenye kiti, viatu mkononi.

Baadaye, chelezoni, walipoziba ule mshono,
fundi mmoja mgeni aliunga bamba lenye matundu
katikati ya tangi, toka ukuta hadi ukuta,
akaanza kunieleza kazi yake.
Nikamwambia najua, hilo ni jani la mgomba.
Alicheka sana. Kwao ni Tanga,
maji yao hutoka bombani.