Lafudhi ya Maji

Sabaki imeshuka na rangi ya chai iliyochacha.
Navaa glavu, nainama chini ya daraja,
chupa ya kumi na saba.
Juu yangu Kahindi wa kamati ya maji hajanyamaza:
"Ni ng'ombe wa Barisa. Andika. Ng'ombe."

Siandiki.

Wiki ya pili hii watoto wanaharisha,
na njia ya mifugo imezibwa kwa miiba.
Usiku ng'ombe hulia mpaka huku mjini kwetu,
au labda ni mimi nisiyelala.

Maabara ni chumba nyuma ya ofisi ya samaki.
Nachuja lita nzima, kwenye chujio unabaki ukungu
usiozidi ukucha wa kidole cha mwisho.
Wamo humo maelfu kwa maelfu,
wala simuulizi mmoja. Mmoja huweza kuwa mpita njia.
Nauliza ukoo: nani kakaa na nani,
wangapi, nani hayupo.
Maana kila tumbo hulea mtaa wake.
La ng'ombe lina wa majani na cheuo,
kiboko ana wake, mbuzi ana wake,
na mla ugali na papa ana wake
wasiokaa kwa mwingine.
Ni kama lafudhi. Mwamu akisema "ndia"
humuulizi kwao wapi; ulimi umeshamtaja.

Basi maji yakasema.
Kwa Barisa, kule juu: ng'ombe, ndiyo, kidogo,
kiboko, na udongo, udongo, udongo.
Kuanzia chupa ya kumi mtaa mwingine umeingia
bila hodi. Mtaa wa watu. Mnene, wa jana.
Si wa mtu mmoja aliyechutama kichakani.
Ni wa mashimo mengi yaliyokorogwa pamoja.

Nikarudi kwa miguu baina ya tisa na kumi.
Nyasi zimelala. Alama za magurudumu, mawili mawili,
zinarudi nyuma hadi ukingoni
na hapo zinasita.

Lori la Tsofa nalijua, la buluu,
limeandikwa tangini *Usafi ni Nusu ya Imani*.
Mwezi wa Rajabu choo chetu kilipofurika
ni mimi niliyempigia simu.
Elfu nane, akasema, mpaka bwawa la majitaka.
Au tano, bila risiti.
Nikahesabu tano.
Hiyo nusu nyingine alikwenda nayo wapi, sikuuliza;
nilimwaga dawa, nikafunga mlango, nikamshukuru.

Kahindi anangoja karatasi.
Barisa naye yuko nje, kofia mkononi,
hajaitwa na mtu.

Chanzo: binadamu.
Fomu haina nafasi ya majina.
Naigeuza nyuma, kwenye weupe,
naandika la Tsofa, kalamu inakwama,
nalifuta,
naanza na langu.