Kioo, Barabara ya Honda

Aliniwekea simu juu ya kitambaa cha kijani
kama mtu anayemlaza mtoto mwenye homa.
Kioo kimepasuka toka pembe hadi pembe,
na kwenye uzi mwekundu kinaning'inia kipaka cha plastiki,
sikio moja limeliwa na funguo.

Imeanguka Nizwa, ngomeni, alisema
kwa Kiarabu cha darasani, kila neno limepigwa pasi.
Kaede. Miaka ishirini na moja.
Nikamuuliza, bisibisi mkononi:
hivi nyinyi vijana wa Japani
mnaongea nini humu mchana kutwa?

Akacheka. Hatuongei.
Kwetu simu kulia ndani ya treni ni aibu.
Watu mia, bega kwa bega, kimya
kama shuka zilizokunjwa kabatini.
Basi tunaandika. Kwa kidole gumba.
Siku moja nilimwandikia rafiki yangu: umekula?
Naye alikuwa kiti cha pili.
Akajibu: bado.
Tukateremka stesheni isiyo yetu,
tukala tambi tumesimama.

Nikafungua mgongo wa simu.
Chembe za vumbi la Nizwa zikadondoka kitambaani.
Nilizipuliza taratibu, sijui kwa nini taratibu.

Mimi mama yangu haandiki.
Kutoka Mabela ananitumia sauti, dakika sita:
Zuweina, wali nimeufunika.
Zuweina, fundi wa bomba hakuja tena, muongo yule.
Zuweina, hivi uliondoka na shela gani?
Akimaliza hajui pa kubonyeza,
simu inaendelea kurekodi:
ndara zake sakafuni, bomba linalovuja,
anajisemea, chumvi, chumvi, nimeiweka wapi chumvi.
Hapo ndipo ninaporudia kusikiliza.
Sikumwambia Kaede haya.
Nilimwambia riali kumi na mbili, nikachukua tisa.

Jioni, kwenye basi la kurudi,
Wabangali wawili wamelala, mwalimu mmoja anasahihisha madaftari,
nikatoa simu, nikajaribu kidole gumba:
Mama, umekula?

Vidoti havikucheza. Ikaja sauti, dakika nne.
Nikabonyeza, nimesahau spika iko wazi,
na basi zima, toka dereva hadi kiti cha nyuma,
likamsikia Bi Shinuna binti Khalfan akifoka:
Nile vipi na wewe hujarudi?

Mwalimu akainua kalamu.
Nilitaka kuizima.
Kisha zikaja ndara.
Kisha bomba.