Kamera ya Kumi na Saba

Walipoleta kamera mpya, Novemba, mjini Hull,
mvua ikipiga ubavuni kama inayodai deni,
Bwana Pickering alituita wanne wa zamu ya usiku
akatuonyesha: unabonyeza hapa, unavuta,
na namba ya gari lililo ghorofa ya sita
inakusogelea mpaka unahesabu matone juu yake.
"Kila unywele," alisema. "Kila unywele mtauona."
Tukacheka. Yeye mwenyewe ana upara.

Zile za zamani zilikuwa na huruma ya kipofu.
Miaka sita nimetazama uji wa kijivu ukitembea,
uji ukifungua mlango, uji ukibusu uji mwenzake
karibu na mashine ya tiketi.
Dada yangu Mwanaidi huniuliza kwenye simu:
Wanakulipa kwa kutazama tu?
Namwambia, kwa kutazama, na kwa kutosinzia.
Hilo la pili ndilo kazi.

Katika uji ule nilikuwa na mtu wangu.
Ghorofa ya nne, pembeni, saa tisa usiku,
gari moja, na kando yake kivuli
kikijinyoosha, kikipiga hatua kumi, kikirudi.
Nilimwita Bwana Ukungu.
Nilimpa mke mkali, nikampa tarumbeta,
usiku mwingine nikamfanya mwizi aliyestaafu.
Hakukataa chochote.

Sasa mtandao umemleta.
Kamera ya kumi na saba, picha safi kama sahani iliyooshwa:
mswaki. Chupa ya maji. Shati
limetundikwa kwenye dirisha la nyuma,
limepigwa pasi, sijui wapi.
Anasukutua, anatema kwenye mfereji, kwa adabu,
kama mtu aliye nyumbani kwa watu.
Halafu akageukia taa
na upara ukang'aa.

Niliondoa kidole kwenye kitufe kama aliyegusa jiko.
Macho hayana pazia, walisema waliotulea,
lakini hawakusema mtu afanye nini
na alichokwisha kukiona.

Maana alijua. Yeye ndiye aliyetia saini,
aliyehesabu nguzo, aliyesema hii ielekee huku.
Angeweza kuiamuru itazame ukuta.
Na asubuhi, saa mbili kasoro, akaingia
na shati lile lile, akanusa kahawa yetu,
akauliza, "Usiku ulikuwaje?"
"Shwari," nikasema.
Akanitazama kidogo zaidi ya inavyohitajika.

Picha hukaa siku thelathini, kisha hufutwa na picha nyingine.
Nilizihesabu moja moja.

Juma lililofuata, buibui alihamia kwenye kioo.
Huvutwa na ile taa isiyoonekana kwa macho,
hutanda usiku kucha, na kwenye skrini
nyuzi zake ni nene, nyeupe,
kama pazia la nyumba yenye harusi.
Kanuni inasema: ngazi, fagio refu, kitambaa laini.
Fagio lipo nyuma ya mlango. Nimelitazama
(nalipwa kwa kutazama)
kisha nikafungua daftari nikaandika:

Kamera 17. Buibui. Itasafishwa baridi ikiisha.

Huko nyuma ya utando, uji wa kijivu
unajinyoosha, unapiga hatua kumi, unarudi.